Elekezo na Mzigo: Kivinjari, Data za Fomu na Lugha ya Kuyaeleza Mambo Hayo

1.0 Utangulizi

Na ichukuliwe kwamba mtu mmoja ameingia katika ofisi moja ya mji wa Baraka, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa na bahasha yenye karatasi za mtoto wake. Karani anaipokea bahasha, anasoma maneno yaliyoandikwa juu yake, kisha anasema: "Papa, kwa kazi hii nenda biro ya Fizi." Fizi, makao ya utawala wa eneo lenye jina hilohilo katika jimbo la Kivu Kusini, iko milimani, mbali na ufuko. Kabla ya kufunga safari, mzee huyo hana budi kujua jambo moja ambalo karani hakulisema. Je, aichukue bahasha yake na kuikabidhi Fizi, au bahasha imekwisha kupokelewa hapa Baraka, na kule anakwenda kuchukua jibu tu? Akiiacha bahasha ilhali ilitakiwa Fizi, atafika mlimani mikono mitupu. Akiwa na nakala nyingine akaikabidhi Fizi ilhali ya kwanza imekwisha kupokelewa, mtoto ataandikishwa mara mbili.

Mambo hayohayo hutokea ndani ya simu na kompyuta kila mara tovuti inapokielekeza kivinjari mahali pengine wakati fomu iliyojazwa iko njiani. Mtumiaji huona ukurasa mmoja ukiondoka na mwingine ukija. Kilichotokea baina ya kurasa hizo mbili hakionekani, na hapo ndipo data zake hufika, hupotea, au huandikwa mara mbili.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wa pande hizi jambo hili si dogo. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma ng'ambo ya ziwa, imepokea Wakongo wengi, wakiwamo watu wa Fizi. Na wengine wamehamishiwa Marekani na nchi nyingine za mbali. Mwaka 2015, katika eneo hilohilo la Fizi, kambi ya Lusenda ilifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Kwa watu waliotawanyika namna hii, fomu ya mtandaoni imekuwa mlango wa shule, wa kazi na wa kuungana na jamaa. Anayepotelewa na fomu siku ya mwisho ya maombi ya chuo anaweza kupotelewa na mwaka mzima.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza jinsi kivinjari kinavyoelekezwa kwingine, na masharti ambayo data za fomu huandamana nacho au huachwa nyuma. Ya pili ni kuonyesha kwamba Kiswahili kina njia ya kutenganisha mambo mawili ambayo istilahi za kigeni zimeyafunika kwa neno moja.

2.0 Ombi, jibu na fomu

Kivinjari hakikai ndani ya tovuti. Kazi yake ni kutuma ombi kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na kupokea jibu. Kila ombi hujitegemea. Kwa asili ya itifaki ya mawasiliano iitwayo HTTP, seva haikumbuki kwamba aliyeuliza sasa ndiye aliyeuliza dakika moja iliyopita, ila iwe imepewa alama ya kumtambua. Alama ya kawaida ni kidakuzi, yaani kijineno ambacho seva hukipa kivinjari kikihifadhi, nacho kivinjari hukirudisha katika maombi yanayofuata.

Maombi yana njia mbalimbali, na mbili kati ya hizo zinahusu fomu. Ya kwanza ni GET, ambayo kazi yake ni kuomba kuonyeshwa kitu. Fomu ikitumwa kwa njia hii, data zake huambatanishwa mwishoni mwa anwani na kuonekana wazi katika mstari wa juu wa kivinjari. Ya pili ni POST, ambayo hubeba data ndani ya mwili wa ombi, kama karatasi zilizotiwa ndani ya bahasha. Maelezo ya HTML toleo la 2.0, yaliyochapishwa Novemba 1995, yalizitaja njia zote mbili na kuzitenga kwa matumizi: GET ifae pale ambapo kuuliza hakubadilishi kitu, kama vile kutafuta neno katika kamusi, POST ifae pale ambapo kutuma kunaleta badiliko, kama vile kuandikishwa au kulipa.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Ombi la GET linaweza kurudiwa mara kumi bila hasara. Ombi la POST likirudiwa mara kumi linaweza kuwa malipo kumi. Ndiyo sababu vivinjari humwonya mtumiaji anapofufua ukurasa uliotokana na POST, vikimwambia kwamba fomu itatumwa upya, na kumwuliza kama kweli anataka hivyo.

3.0 Elekezo ni nini

Seva inapojibu, jibu lake hutanguliwa na namba ya tarakimu tatu. Namba 200 huarifu kwamba mambo yamekwenda sawa. 404 huarifu kwamba kilichoombwa hakikuonekana. Namba zinazoanza na 3 huarifu kwamba kivinjari hakina budi kuchukua hatua nyingine, na kwa kawaida jibu la namna hiyo huja na mstari uitwao Location, unaotaja anwani ya kwenda. Jibu hilo ndilo elekezo.

Hapa pana kosa ambalo hata wajenzi wa tovuti hulifanya. Wengi hudhani kwamba seva ya kwanza humchukua mtumiaji na data zake na kumpeleka kwenye seva ya pili. Sivyo. Seva ya kwanza haipeleki chochote. Hutoa neno tu, kama karani wa Baraka aliyebaki kitini kwake. Anayesafiri ni kivinjari: hulisoma elekezo, hutunga ombi jipya kabisa, na kulituma kwenye anwani mpya. Ikiwa ombi hilo jipya ni POST lenye mwili uleule, data zimesafiri tena. Ikiwa ni GET, data za bahasha zimeachwa. Kinachoamua ni namba iliyotangulia jibu.

4.0 Namba tano na historia yake

Maelekezo yanayohusika hapa ni matano: 301, 302, 303, 307 na 308. Wingi huo haukutokana na mpango wa tangu mwanzo. Ulitokana na kosa lililozoeleka, kisha likatafutiwa dawa.

Itifaki ya HTTP toleo la 1.0 ilichapishwa Mei 1996, miaka saba baada ya Tim Berners-Lee kutoa pendekezo lake la kwanza katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Toleo hilo lilikuwa na 301, yaani kitu kimehama moja kwa moja, na 302, yaani kitu kimehama kwa muda. Kwa mujibu wa kanuni zake, ombi la POST lililoelekezwa kwa namba hizo lilipaswa kubaki POST. Lakini waandishi walewale walikiri katika waraka huo kwamba baadhi ya vivinjari vilivyokuwapo vililigeuza kimakosa kuwa GET. Kwa maneno mengine, kanuni ilisema, "Nenda na bahasha," na kivinjari kikaenda mikono mitupu.

Kosa hilo halikurekebishwa, kwa kuwa wajenzi wa tovuti walikwisha kulipenda. Mara nyingi lilikuwa ndilo jambo walilolihitaji: kupokea fomu, kuihifadhi, kisha kumpeleka mtumiaji kwenye ukurasa wa kumshukuru. Hivyo basi, badala ya kuvilazimisha vivinjari kubadilika, watunzi wa itifaki waliongeza namba mpya zenye maana isiyo na utata. Toleo la 1.1 la Januari 1997 lilileta 303, ambayo humaanisha: bahasha imepokelewa, sasa nenda kule kwa njia ya GET ukaone jibu. Marekebisho ya Juni 1999 yalileta 307, ambayo humaanisha: kwa sasa nenda kule, na njia pamoja na mwili wa ombi visibadilike. Mwishowe, 308 ilikubaliwa kuwa kiwango Aprili 2015. Hiyo ni ndugu wa 307, ila yenyewe husema kwamba mahali pamehama moja kwa moja.

Kuhusu 301 na 302, waraka wa Juni 2014 uliyakubali mazoea: kwa sababu za kihistoria, kivinjari kinaruhusiwa kuligeuza ombi la POST kuwa GET. Waraka unaotawala sasa, wa Juni 2022, umelibakiza jambo hilo vivyo hivyo. Katika utendaji, vivinjari vinavyotumika leo huligeuza.

Kwa kurejea mfano wa mwanzo, namba hizo zinaweza kusomwa hivi. Karani anayesema 303 ameipokea bahasha, na anamtuma mzee Fizi akasome tangazo. Anayesema 307 haipokei: anairudisha mkononi na kusema, "Leo ikabidhi Fizi, kesho njoo hapahapa." Anayesema 308 anairudisha pia, na kuongeza kwamba ofisi imehamia Fizi, hata kesho mtu asije tena hapa. Anayesema 301 au 302 ndiye karani wa mfano wetu: hakusema kitu juu ya bahasha, na mzee, kwa mazoea, huondoka bila hiyo.

5.0 Data zinavyopotea

Njia ya kwanza ya kupotea kwa data inatokana na kuhama kwa tovuti. Tovuti nyingi zilizoanza kwa anwani za http, ambazo hazina usiri, zimehamia https, ambayo hufunga mawasiliano kwa fumbo. Msimamizi wa tovuti huiagiza seva iyapeleke maombi yote ya anwani ya kale kwenye anwani mpya kwa 301, na kwa kurasa za kusomwa jambo hilo hufaa kabisa. Lakini ikiwa ndani ya ukurasa imesahauliwa fomu inayotumwa bado kwenye anwani ya kale, fomu hiyo itaondoka kama POST, itakutana na 301, na itafika kama GET isiyo na kitu. Mtumiaji ataona fomu tupu imerudi mbele yake, au ataona kosa namba 405, linalosema kwamba njia iliyotumika hairuhusiwi hapo. Atajaza tena na tena, akidhani kwamba ni mtandao wa Baraka uliomwangusha, kumbe mtandao ulifanya kazi yake.

Dawa isiwe kubadilisha 301 kuwa 308 na kunyamaza. Kwa 308 data zitafika, lakini zitakuwa zimesafiri mara mbili, na mara ya kwanza zilikwenda bila fumbo, wazi kwa yeyote anayesikiliza njiani. Aidha, kusafiri mara mbili kuna gharama. Picha ya cheti yenye megabaiti 2 hutumwa kwanza kwenye anwani ya kale, kisha hutumwa nzima kwenye anwani mpya. Jumla ni megabaiti 4, zinazolipwa na mwenye simu. Dawa ya kweli ni kuisahihisha fomu yenyewe itaje anwani mpya tangu mwanzo.

Njia ya pili ni ya kawaida zaidi, nayo huwaumiza hasa wenye mtandao wa kusuasua. Mwanafunzi ameingia katika tovuti ya chuo kwa neno lake la siri, na anajaza fomu ndefu. Umeme unakatika, au anakwenda kutafuta namba ya cheti nyumbani. Anaporudi, muda wa seva kumtambua umekwisha, ila ukurasa haumwambii. Anabonyeza kitufe, seva haimtambui, na inamwelekeza kwa 302 kwenye ukurasa wa kuingilia. Elekezo hilo haliji na mzigo. Akiisha kuingia upya, anarudishwa kwenye fomu, nayo ni tupu.

Hapa lawama si ya mwanafunzi wala ya mtandao. Seva ilizipokea data zile, ikazitupa kabla ya kumwuliza yeye ni nani. Mjenzi mwangalifu huziweka kwanza mahali pa muda upande wa seva, akampa mtumiaji kidakuzi cha kuzitambulia, kisha ndipo akamwelekeza kwenye ukurasa wa kuingilia. Mtumiaji akirejea, anaikuta kazi yake. Kwa upande wa mtumiaji, desturi ya kuandika majibu marefu kwanza katika daftari la simu, kisha kuyanakili ndani ya fomu, bado ni kinga nzuri.

6.0 Kuandikishwa mara mbili

Kinyume cha kupotea ni kurudufika. Seva ikijibu fomu ya POST kwa ukurasa wa kawaida wenye namba 200, ukurasa huo unabaki umefungwa na ombi lililouleta. Mtumiaji akiufufua, kivinjari kinalazimika kuituma fomu upya. Ili kuepa hatari hiyo, wajenzi wamezoea mpango wa hatua tatu: fomu hutumwa kwa POST, seva huihifadhi na kujibu kwa 303, na kivinjari huomba ukurasa wa jibu kwa GET. Ukurasa wa mwisho unaweza kufufuliwa mara nyingi kadiri mtu atakavyo, na hakuna kitakachoandikwa tena.

Mpango huo ni mzuri, ila hauzibi pengo lote. Na ichukuliwe kwamba fomu imefika kwenye seva na kuhifadhiwa, lakini mtandao umekatika kabla ya elekezo kurudi. Mtumiaji anaona ukurasa umekwama na anabonyeza tena. Kwa seva hilo ni ombi jingine, nayo huliandika. Hakuna namba ya elekezo inayoweza kuzuia jambo hili, kwa kuwa elekezo lenyewe ndilo lililopotea njiani.

Kinachozuia ni namba ya pekee. Ukurasa wa fomu unapotolewa, seva hutia ndani yake, katika sehemu isiyoonekana, namba ambayo haijapata kutumiwa. Fomu inaporudi, seva hutazama kama namba hiyo imekwisha kuonekana. Ikiwa ni ngeni, huandika. Ikiwa imekwisha kuandikwa, hairudii, bali humwelekeza mtumiaji kwenye jibu lilelile la kwanza. Wenye maduka wanalielewa jambo hili bila kufundishwa: stakabadhi moja hailipiwi mara mbili.

7.0 Kupeleka data kwenye seva ya watu wengine

Limebaki swali ambalo wanafunzi wa kompyuta huliuliza mara nyingi: je, seva inaweza kukielekeza kivinjari kwenye tovuti nyingine na wakati huohuo kukipa data mpya za kupeleka huko kwa POST? Jibu ni hapana. Maelekezo ya 307 na 308 hurudia mzigo uleule ambao kivinjari kilikuja nao. Mstari wa Location hutaja anwani tu, na hauna nafasi ya bahasha mpya.

Kwa hiyo zimebaki njia tatu. Ya kwanza ni kuzitia data ndani ya anwani yenyewe na kuzipeleka kwa GET. Njia hii ni rahisi, lakini data hizo zitabaki katika kumbukumbu za kivinjari na za seva, hivyo haifai kwa siri. Ya pili ni seva kuzungumza na seva moja kwa moja, bila kivinjari kuhusika, kisha mtumiaji akaelekezwa akiwa na namba ya kumbukumbu tu. Njia hii ni salama zaidi pale inapowezekana. Ya tatu ni kukipa kivinjari ukurasa mdogo wenye fomu iliyokwisha kujazwa katika sehemu zisizoonekana, pamoja na maagizo ya kuiwasilisha papo hapo. Huo hauhesabiwi kuwa elekezo kwa maana ya itifaki, ingawa kwa macho ya mtumiaji hauna tofauti.

Njia hiyo ya tatu si ujanja wa vichochoroni. Kiwango cha SAML toleo la 2.0, kilichokubaliwa Machi 2005 na kutumiwa na vyuo vikuu vingi duniani ili mtu aingie katika huduma nyingi kwa neno moja la siri, kinaitambua rasmi. Chuo cha nyumbani hukikabidhi kivinjari fomu yenye uthibitisho uliotiwa sahihi ya kidijitali, na kivinjari huipeleka kwenye tovuti ya huduma. Sahihi hiyo ni ya lazima, kwa sababu bahasha inapita mikononi mwa mtumiaji, na asiye mwaminifu angeweza kuifungua na kubadilisha yaliyomo. Mjenzi akumbuke pia vidakuzi. Tangu mwaka 2020 kivinjari cha Chrome kilianza kuvizuia vidakuzi visivyo na maelezo maalumu visiandamane na POST inayotoka tovuti nyingine, na mifumo kadhaa ya namna hii ilihitaji kurekebishwa.

Aidha, elekezo lenye mzigo lina hatari yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walionyesha hivi: ikiwa tovuti inayothibitisha utambulisho wa watu itapokea jina na neno la siri kwa fomu, kisha imwelekeze mtumiaji kwa 307 kwenye tovuti aliyotoka, kivinjari kitatii na kulipeleka neno la siri huko pia. Tovuti isiyostahili itakuwa imepokea ufunguo wa nyumba ya watu. Mwongozo wa usalama wa itifaki ya OAuth 2.0, uliochapishwa Januari 2025, umekataza kutumia 307 mahali hapo na kuelekeza kwamba 303 ndiyo ifaayo.

8.0 Suala la lugha

Mwalimu wa Baraka anayelifundisha somo hili huanzia kwenye Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi ya nchi. Kiswahili kinatajwa na katiba ya mwaka 2006 kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mwenzake wa Kigoma au Dar es Salaam huanzia kwenye Kiingereza. Wote wawili hukuta neno moja tu linalotaja tendo la kuelekezwa upya, na neno hilo halisemi lolote juu ya mzigo. Kosa la vivinjari vya miaka ya 1990 liliota katika ukimya huo.

Kiswahili hakina sababu ya kuurithi ukimya huo. Kitenzi elekeza ni kauli ya kutendesha ya elekea, nacho hudai yambwa ambaye ni msafiri: karani amemwelekeza mzee. Bahasha haimo. Kitenzi hamisha hudai yambwa ambaye ni kitu kinachotoka mahali hadi pengine. Kwa hiyo kusema kwamba "data zimeelekezwa" ni kuchanganya mambo. Kinachoelekezwa ni kivinjari; kinachohama ni anwani; na data ama hupelekwa ama huachwa.

Tofauti nyingine iko baina ya tuma na wasilisha. Kutuma ni tendo la anayetoka. Kuwasilisha, kwa kuwa kumetokana na wasili, ni kukifanya kitu kifike. Fomu inapobonyezwa imetumwa. Haijawasilishwa hadi seva ikiri kuipokea. Tovuti inayoandika "fomu yako imewasilishwa" kabla ya kukiri huko inasema uongo kwa Kiswahili, hata kama katika lugha ya mwanzo maneno hayo yalikuwa kweli nusu.

Kwa ajili ya kufundishia, yanaweza kupendekezwa maneno mawili: elekezo tupu, kwa 303 na kwa 301 na 302 jinsi zinavyotenda baada ya POST, na elekezo la mzigo, kwa 307 na 308. Ukurasa uliotajwa katika sehemu ya 7.0 unaweza kuitwa fomu inayojiwasilisha. Jina "fomu inayojituma" lisingefaa, kwa kuwa kujituma kumekwisha kuwa na maana ya kufanya kazi kwa bidii. Maneno haya hayahitaji mzizi mpya hata mmoja. Kazi ya aina hii ina mifano iliyotangulia: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Neno kivinjari lenyewe, ambalo sasa limeenea, limetokana na vinjari, yaani kuzungukazunguka huku na huku kama chombo majini. Mvuvi wa Baraka halihitaji kufafanuliwa sana.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba elekezo ni neno linalotolewa na seva, na safari hufanywa na kivinjari. Kwamba namba ya elekezo ndiyo inayoamua kama data za fomu zinafuata au zinabaki. Na kwamba kupotea na kurudufika kwa fomu, ambako mara nyingi hulaumiwa mtandao, kunaweza kuwa ni matokeo ya namba iliyochaguliwa bila kufikiri. Mjenzi wa tovuti anao uwezo wa kuyazuia mengi ya hayo kwa 303 baada ya kupokea, kwa namba ya pekee ndani ya fomu, na kwa kuzihifadhi data kabla ya kumtaka mtu ajitambulishe.

Kwa mwalimu wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba anayejifunza mambo haya kwa lugha yake hayapokei yakiwa na giza zaidi kuliko yalivyo. Karani mwema hamwachi mzee aondoke kabla ya kumaliza sentensi yake: "Nenda Fizi, na bahasha hii uende nayo," au, "Nenda Fizi, bahasha yako tumeipokea."